Hiyo hCG ikishuka, usilie kwanza

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, wiki ya 13, nimesimama nje ya maabara na karatasi mbili mkononi. Ya wiki ya 9 ilionyesha hCG, homoni ya ujauzito inayopimwa kwenye damu, zaidi ya 100,000. Hii mpya ilikuwa imeshuka karibu nusu. Aliyenipa majibu hakunieleza neno. Nililia njia nzima nikijua mtoto hayupo tena.

Alikuwepo, mzima kabisa. Ningejua kondo la nyuma linavyofanya kazi, machozi yale yasingetoka, ndiyo maana naandika.

hCG ni protini inayotengenezwa na seli za tabaka la nje la kondo, zile zinazogusana na damu ya mama. Wiki za mwanzo ina kazi moja kubwa: kuiambia ovari, pale yai lilipotokea, iendelee kutoa projesteroni ili ukuta wa mji wa mimba usibomoke na hedhi isije. Katika siku hizo hupanda kwa kasi, mara nyingi ikijirudufu kila baada ya siku mbili au tatu. Lakini kuanzia kama wiki ya 8 hadi ya 10 kondo linakuwa limepata nguvu ya kutengeneza projesteroni lenyewe. Halihitaji tena kuibembeleza ovari. Basi hCG hufika kilele, kisha hushuka na kubaki chini mpaka mwisho wa ujauzito. Kushuka kwa hCG yangu kulikuwa ishara kwamba kondo limeshika usukani.

Kwa hiyo, mwenzangu, namba moja isikutishe. Daktari akitaka kufuatilia hCG mwanzoni, pima mara mbili, kwa tofauti ya kama saa 48, na maabara iwe ileile. Mapigo ya moyo yakishaonekana kwenye ultrasaundi, muulize kipimo kingine cha hCG kitabadilisha nini. Ila ukitoka damu, au ukipata maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri namba.

Mimba ya pili ilikuja na lake. Wiki ya 26 sukari ikawa juu, nami nikajilaumu kwa kila nilichokula. Mkunga akanikalisha chini akanieleza kuhusu laktojeni ya kondo, protini nyingine, ambayo huongezeka kadiri kondo linavyokua. Pamoja na homoni nyingine za ujauzito, huufanya mwili wa mama usiitii sana insulini, ili sukari ibaki kwenye damu impatie mtoto chakula. Kongosho la mama likishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari inapanda. Ndiyo maana kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Usikikwepe, na usijilaumu kama nilivyojilaumu. Na ukishajifungua, rudi upimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12 hata kama unajisikia mzima, kwa sababu hatari ya kisukari baadaye maishani inabaki.

Nilipojifungua nilimwomba mkunga anionyeshe kondo. Alilishika kwa mikono miwili: upande mmoja mwekundu mzito, wenye vipande vipande, upande wa pili laini, unang'aa, mishipa imetawanyika kutoka kwenye kamba ya kitovu kama mizizi. Zito kama nusu kilo hivi. Sukari yangu ilianza kushuka siku hiyohiyo.