Farasi mzee anayesokotwa tumbo kila mara: anza kutafuta kwenye stoo ya ng'ombe

Ndugu mleta uzi, nimekusoma. Farasi aliyehasiwa, miaka 22, yuko Wakiso kwenye shamba moja na ng'ombe wa maziwa. Kila baada ya wiki mbili tatu anaacha kula, anatazama ubavu, anaparua chini kwa kwato, anajilaza na kuinuka. Dokta anampiga flunixini, sindano ya kutuliza maumivu, kesho yake anakula kama kawaida, na damu imepimwa "haina kitu". Unauliza kama ni uzee tu.

Uzee peke yake hausokoti tumbo. Maumivu yanayorudi kwa mpangilio yana kitu kinachoyarudisha. Hapa Uganda farasi ni wachache na ng'ombe ni wengi, kwa hiyo farasi wengi ninaowaona wanaishi kwa desturi za ng'ombe: dawa ya kupe ya ng'ombe, dawa ya minyoo ya ng'ombe, pumba za ng'ombe, hata chupa ya kunyweshea ya ng'ombe. Mimi naanzia stoo kabla sijafikiria uvimbe.

Chukua kopo la dawa ya kupe usome kiambato chake. Kama ni amitraz, farasi asiguswe nayo tena. Kwa ng'ombe ni dawa nzuri, na imeenea hapa kwetu kwa sababu kupe wa magharibi ya nchi wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi. Kwa farasi inasimamisha mwendo wa utumbo mpana. Chakula kinatulia humo, maji yake yananyonywa, kinabaki donge gumu, hasa pale utumbo unapokunja kona karibu na nyonga na kuwa mwembamba ghafla. Tatizo ni kwamba dalili hazionekani wakati bomba bado liko mgongoni. Zinakuja kesho yake au keshokutwa: farasi amezubaa, kichwa kimeinama, anayumba kidogo, mavi ni machache, makavu, yamefunikwa na ute, na ukiweka sikio ubavuni husikii kitu. Nani atakumbuka kupe wa juzi? Weka tarehe za kunyunyizia pembeni mwa tarehe za maumivu. Zikifuatana mara tatu, umeshapata mahali pa kuanzia, na kuacha dawa hiyo hakukugharimu hata shilingi.

Usikimbilie mchanganyiko wenye klopirifosi, dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti, badala yake. Jamii hiyo hufanya kinyume: utumbo hukaza na kukimbia, mate yanatoka, farasi anaharisha. Tumia pairethroidi ambayo lebo yake inataja farasi, ipakwe kwa kitambaa kwenye singa na chini ya mkia kwa kipimo cha lebo, na kupe wa masikioni wang'olewe kwa mkono kila jioni. Ni kazi ya dakika kumi.

Kupe hao hao huleta Theileria equi na Babesia caballi, vijidudu vya homa vinavyoishi kwenye damu, na homa hizo nazo zinaweza kuanza kama tumbo. Kwa hiyo kila akiumwa pima joto kwanza. Kawaida ni nyuzi 37.2 hadi 38.3; likipita 38.5, au ufizi una manjano, damu ipimwe vijidudu. Na kama amewahi kuchomwa imidokabu, dawa ya homa hizo, jua kwamba sindano hiyo yenyewe huleta msokoto na mate mengi ndani ya saa chache. Watu wengi huona dawa "imeshindwa" kumbe ni madhara yake.

Chakula sasa. Chakula cha kiwandani cha ng'ombe au kuku chenye monensini, dawa inayochanganywa humo, kisifike kabisa karibu na farasi. Kiasi ambacho ng'ombe hakijali kinamuua farasi kupitia moyo, na mwanzo wake unafanana na tumbo: jasho, kukataa kula, kutotulia. Pumba za mahindi zenye ukungu ni hatari nyingine. Kuvu wa mahindi ana sumu inayoozesha ubongo wa farasi, na kupepeta pumba au kuzianika hakuondoi sumu hiyo. Hata zikiwa safi, pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo mzee asizitegemee. Maganda ya matoke, ebikuta, kwa farasi asiye na meno ni ya kumkaba koo, achana nayo.

Kuhusu majani, mabingobingo yakishapita kimo cha mtu yanakuwa kuni. Yakatwe machanga, yakiwa chini ya mita moja, na yasiwe chakula pekee kwa sababu yana oksaleti inayofunga kalisi. Nyasi ya Brachiaria ambayo wafugaji wa maziwa wanaisifu inaweza kuumiza ini la farasi. Na hili wengi hawalijui: huko kaskazini mwa Brazil, ukanda wa Amazon, farasi na nyumbu wamepata msokoto mkali wenye kujaa gesi msimu wa mvua baada ya kulishwa aina za Panicum maximum. Aina hizo zinaitwa Tanzania, Mombaça na Massai, majina ya kwetu kabisa, na nyasi yenyewe asili yake ni Afrika. Kama malisho yako yamejaa Panicum changa inayochipua Aprili, mtoe humo wiki tatu uangalie. Nyasi kavu za Rhodes, kilo 7 hadi 8 kwa siku kwa mnyama wa kilo 400, ndizo salama zaidi. Badilisha kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14.

Uzito usikisie. Pima kwa utepe mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha gawanya kwa 11,877. Kifua sentimita 175 na urefu 155 ni karibu kilo 400. Vipimo vyote ninavyotaja vinategemea hapo.

Kwa umri wa miaka 22, meno ni mtuhumiwa wa pili. Simama naye akila. Akidondosha mafundo ya nyasi yaliyotafunwa nusu, au akiinamisha kichwa upande mmoja, kuna jino lililolegea au kingo zinazochoma shavu. Vunja bonge la mavi kiganjani: vipande vya nyasi virefu kuliko sentimita mbili vinaonyesha hatafuni. Mkaguzi atumie kifaa cha kufungulia mdomo na tochi, aingize mkono hadi magego ya mwisho. Kuchungulia kwa mbele tu hakusaidii kitu. Wakati unasubiri, loweka chakula mpaka kiwe uji mzito.

Mavi hayo hayo yatumie kupima mchanga, hasa kama analishwa chini kwenye murram au karibu na ziwa. Tia mabonge sita kwenye mfuko angavu wa plastiki, jaza maji, vuruga, uning'inize dakika 20, kisha shika kona ya chini kwa vidole. Mchanga unaozidi kijiko cha chai ni mwingi. Isabgol ya maduka ya Wahindi, yaani maganda ya mbegu za psyllium, husaidia, gramu 400 kwa siku kwa mnyama wa kilo 400, siku saba. Changanya wakati wa kumpa, maana ikikaa majini inageuka gundi.

Maji: lita 25 hadi 50 kwa siku. Jerikeni moja ya lita 20 asubuhi na moja jioni haitoshi siku za jua kali. Weka pipa, uoshe utelezi kila siku mbili, na chumvi ya kawaida vijiko viwili vya chakula kwa siku ili anywe.

Minyoo. Peleka mavi mabichi yahesabiwe mayai. Maabara ya chuo cha mifugo Makerere inafanya kazi za namna hii. Albendazoli ya ng'ombe haiaminiki tena, maana minyoo midogo ya utumbo mpana imeizoea. Ivermektini ni miligramu 0.2 kwa kilo, kwa mdomo. Ile ya sindano ya ng'ombe usimchome, inaweza kuleta jipu baya la msuli. Ivermektini pia haiui tegu, na tegu wa farasi hukaa pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye sekamu, mfuko mkubwa unaoanzia utumbo mpana, akaleta misokoto midogo inayorudi rudi kama hii yako. Yeye anahitaji prazikwanteli, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo.

Halafu dawa ya viungo. Wazee wengi wanapewa fenilibutazoni miezi na miezi kwa ajili ya miguu. Inachubua tumbo na utumbo mpana wa kulia, maumivu yanakuja, anapewa tena dawa ya jamii hiyo hiyo kuyatuliza. Uliza kama ile damu "isiyo na kitu" ilipimwa albumini, protini ya kwenye damu. Kama haikupimwa, rudisha. Albumini ikiwa chini, dawa isimame. Kwa vidonda vya tumbo watu hujaribu omeprazoli za duka la dawa, mbili tatu kwa siku. Kipimo cha farasi ni miligramu 4 kwa kilo, yaani kwa kilo 400 ni vidonge 80 vya miligramu 20, kila siku, wiki nne. Viwili ni vya kumfurahisha mwenye farasi.

Akianza tena usiku, hesabu mapigo chini ya taya kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kawaida ni 28 hadi 44. Bonyeza ufizi: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ondoa chakula, mtembeze dakika kumi, basi. Kumzungusha mpaka alfajiri kunamchosha tu. Usimnyweshe mafuta wala soda kwa chupa. Farasi hatapiki, na mafuta yakiingia mapafuni umeongeza ugonjwa wa pili. Mafuta yanapita kwenye mpira wa puani mikononi mwa dokta, tena baada ya kuhakikisha tumbo halijajaa maji ya kurudi nyuma. Flunixini ni ya mshipani, si ya msuli, miligramu 1.1 kwa kilo, na isirudiwe ndani ya saa 12, kwa sababu inaficha hali halisi.

Kama nusu saa baada ya sindano bado maumivu yapo, mapigo yamepita 60, ufizi umekuwa zambarau, hiyo si kawaida yake tena. Kwa wazee waliohasiwa kuna bonge la mafuta lenye kikonyo ambalo hukua kimya miaka mingi, siku moja kikonyo kinauzunguka utumbo mwembamba na kuunyonga. Hapo ni kisu au kumpumzisha kwa sindano ya mwisho. Kaa na dokta wako wiki hii, mkiwa mmetulia, mkubaliane mtafanya lipi na nani atapigiwa simu, maana saa nane usiku hakuna anayeamua vizuri.

Leta hapa picha ya lebo ya dawa ya kupe, tarehe za maumivu matatu ya mwisho, na ule mfuko wa mavi ukiwa umening'inia.