Kabla hujanunua kadi mpya ya michoro, fungua kasha usome lebo ya pawa saplai

Mkuu, umeuliza hivi: una kompyuta ya gemu uliyoinunua ikiwa imeshaundwa kiwandani, ina prosesa ya Core i5-10400F, kadi ya michoro ya GTX 1650 na RAM ya gigabaiti 8. Unataka kuchomoa hiyo kadi, uchomeke RTX 3060 yenye nguvu zaidi, uendelee kucheza. Mashine yangu ilikuwa karibu sawa na yako, na nilifanya hivyo hivyo. Nusura niiunguze, kwa hiyo nisikilize kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kadi niliinunua kwanza. Ilipofika nikafungua kasha, nikakuta pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 310 isiyo na hata waya mmoja wa pini 6 wala 8 wa kupeleka umeme kwenye kadi. GTX 1650 nyingi hazihitaji waya huo. Zinakula wati 75, na tundu la PCIe, lile kadi inamochomekwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta), lenyewe linatoa mpaka wati 75. RTX 3060 inakula 170, na watengenezaji wake, Nvidia, wanapendekeza pawa saplai ya wati 550. Nikatafuta adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kupeleka umeme kwenye diski, na kuugeuza kuwa wa pini 8. Siku mbili gemu zilikwenda vizuri sana. Siku ya tatu, katikati ya mechi, skrini ikazima. Nilipoinama chini ya meza nikakutana na harufu ya plastiki iliyoungua. Plagi ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja na imegandana na mwenzake, ikabidi niwaachanishe kwa koleo.

Hesabu niliipiga baadaye, na ningeipiga mapema ningejiokoa. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila pini amperi 1.5, jumla amperi 4.5. Hizo ni wati 54. Kadi yangu ikibanwa na gemu nzito ilihitaji karibu wati 95 zaidi ya zile za tundu. Kwa hiyo adapta hizo achana nazo kabisa, hata ukiambiwa ni imara.

Najua utasema, basi nanunua pawa saplai nyingine. Hata mimi nilisema hivyo, nikanunua moja nzuri ya wati 550. Haikuingia. Pawa saplai ya kawaida, ya muundo uitwao ATX, ina plagi ya pini 24 ya kuchomeka kwenye madabodi, yangu ilitaka plagi ndogo ya muundo wa kiwanda chao. Kasha nalo lilikuwa jembamba na matundu ya skrubu hayakulingana. Kompyuta nyingi za kiwandani ziko hivi, na hayo hayaandikwi popote kwenye tangazo la mauzo. Iliniuma sana, maana sehemu mbili mpya zilikaa mezani wiki tatu bila kazi.

Mwishowe nilinunua kasha na madabodi ya kawaida, nikahamishia prosesa, RAM na diski. Hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Jambo moja tu: leseni ya Windows iliyokuja na mashine ya kiwandani hufungwa na madabodi yake, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba ukibadilisha madabodi utahitaji leseni nyingine. Weka gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sasa ya kwako. Ningekuwa wewe ningeanza na RAM, siyo kadi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, angalia sehemu ya Memory (yaani RAM) uone ni matundu mangapi yametumika. Viwanda hupenda kuweka kijiti kimoja cha gigabaiti 8, na kijiti kimoja kinaiachia prosesa njia moja tu ya kusoma data. Nilipoongeza cha pili, kule kukwamakwama kwenye ramani kubwa za gemu kuliisha siku hiyo hiyo, kabla sijagusa kadi. Chukua RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ile ile ya kilichopo.

Prosesa yako iache ilivyo. Ina koa (viini vya kufanyia kazi) 6 na nyuzi (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja) 12, inatosha kabisa kwa RTX 3060.

Ukikuta pawa saplai ni ya muundo wa kiwanda na huna mpango wa kubadilisha kasha, angalia RTX 3050 ya gigabaiti 6. Inakula wati 70 na matoleo mengi hayataki waya wa ziada. Haiifikii 3060 hata kidogo, lakini inaizidi 1650 waziwazi. Usivutwe na kadi ya RX 6500 XT ya AMD: inatumia njia 4 tu za PCIe, na kwa prosesa yako utakuwa kwenye PCIe 3.0, toleo la zamani lenye kasi ndogo, ambako kadi hiyo inapoteza nguvu nyingi.

Pima pia urefu ndani ya kasha, kuanzia bati la nyuma hadi kizuizi cha kwanza mbele, halafu linganisha na urefu wa kadi ulioandikwa na mtengenezaji. Na joto lisikupite. Kwenye kasha la zamani, lenye feni moja ya nyuma, kadi yangu ilifika nyuzi joto 84. Nilipotoa bati la ubavuni ikashuka hadi 72, ndipo nikajua shida ni hewa. Feni moja ya mbele inayoingiza hewa inasaidia sana.

Siku ya kuchomeka, ondoa draiva (programu za kuendesha kadi) za zamani, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Ukimaliza, waya wa skrini uingie kwenye kadi yenyewe. Hiyo herufi F kwenye prosesa yako maana yake haina sehemu ya michoro ya ndani ya kutoa picha yenyewe, kwa hiyo ukichomeka HDMI ya madabodi utaona giza tupu na utadhani umeua kitu.

Leo fungua tu kasha. Niandikie amperi zilizopo kwenye mstari wa +12V wa lebo ya pawa saplai, na idadi ya pini za plagi kubwa inayoingia kwenye madabodi. Nikipata hayo mawili nitakuambia ni kadi ipi inaingia.