Milan: si lazima uagize kila sahani

Dada, umeuliza kama kwenye mgahawa wa hadhi pale Milan, Italia, ni lazima uagize antipasto (kianzio), primo (sahani ya kwanza, kama pasta au wali), secondo (sahani kuu ya nyama au samaki) na kitindamlo, vyote vinne. Hapana. Wenyeji wengi wenyewe huchukua viwili tu, na hakuna mhudumu atakayekutazama vibaya.

Kama mna usiku mmoja, ningeagiza ossobuco. Ni muundi wa ndama uliopikwa polepole mpaka nyama inaachana na mfupa, na kwa desturi ya Milan huja na risotto, yaani wali laini wa Kiitalia, ya zafarani kwenye sahani hiyohiyo, kwa hiyo unashiba bila kuongeza kitu. Ule uroto ulio ndani ya mfupa usiuache, ndio utamu wenyewe! Risotto nzuri hupikwa ukishaagiza, kama dakika 18 hadi 20, basi msiwe na haraka.

Kwa mumeo asiyetumia pombe wala nguruwe, semeni mapema mnapoweka nafasi. Risotto na ossobuco kwa kawaida hutiwa divai nyeupe jikoni, na mara nyingi menyu haisemi hivyo. Guanciale, pancetta na prosciutto zote ni nguruwe.

Kwenye bili mtaona "coperto", ada ya meza na mkate kwa kila mtu. Ni halali, na lazima iwe imeandikwa kwenye menyu. Bakshishi si lazima. Nendeni saa mbili usiku, kabla ya hapo majiko mengi hayajachangamka.