Cheti cha tiba kwa msaada wa wanyama kitanipa kazi Mombasa?

Mdogo wangu, umeuliza kama cheti hicho, ukikisomea chuo cha jamii (community college) Marekani, kitakupa kazi ukirudi Mombasa. Peke yake, hapana. Mnyama ni msaidizi. Anayetibu ni mtaalamu. Boris Levinson, mmoja wa waanzilishi wa tiba hii Marekani, aliyeandika miaka ya 1960 jinsi mbwa wake Jingles alivyomsaidia kutibu watoto, tayari alikuwa mwanasaikolojia wa watoto. Kwa hiyo soma kwanza ushauri nasaha au ustawi wa jamii, cheti kifuate. Tena usimfikirie mbwa tu: nyumba nyingi za Mji wa Kale hazitamkaribisha ndani, ilhali paka wamezoeleka hadi vibarazani. Tafuta paka aliye mpole, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na akichoka kushikwashikwa mwache aondoke, hata mtoto akilia.