Ndege wa karatasi kitandani kwa mtoto mgonjwa: ni ibada au ni upuuzi?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka saba, anaugua saratani ya damu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri huenda kumtazama, tukakunja pamoja ndege wa karatasi, naye huwapa majina na kuwapanga dirishani. Jamaa yao mmoja amenikemea, akisema mtoto wa hali hiyo ni wa kusomewa Qur'ani tu, si wa kuchezeshwa. Kwamba hajabaleghe wala hana dhambi, hivyo fadhila za kumzuru mgonjwa hazimhusu. Na kwamba maradhi hayo ni malipo ya madhambi ya mama yake. Je, napata thawabu, au napoteza wakati?

JIBU: Wa alaykumus-salaam, dada yangu. Swali lako limenihuzunisha, si kwa ugumu wa hukumu yake, bali kwa sababu maneno uliyoambiwa nimewahi kuyasikia yakisemwa kando ya vitanda vya wagonjwa, tena kwa sauti ambayo mama aliisikia.

Unapata thawabu, inshallah, maadamu nia yako ni radhi za Allah. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni jambo tusilobishana. Kosa la jamaa huyo limo katika neno lake "tu".

Anas bin Malik (r.a.), swahaba aliyemtumikia Mtume, alikuwa na mdogo wake wa kwa mama, akiitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Mtume (s.a.w.), aliyebeba mzigo wa umma mzima, alikuwa akifika kwao humwuliza, "Ewe Abu Umayr, kindege kimefanya nini?" Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, wameipokea hadithi hii, na katika riwaya ya Abu Daud, Mtume alimkuta ana huzuni, akaulizia sababu, akaambiwa kindege chake kimekufa. Huzuni ya mtoto kwa kindege haikuwa jambo dogo mbele yake. Wapo watu wa kale waliowalaumu wanachuoni wa hadithi kwa kusimulia habari isiyo na faida kama hii, na Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, akawajibu kwa kutoa humo faida zipatazo 60. Lawama aliyokutupia jamaa huyo, basi, ni kongwe, na jibu lake lilikwisha kutolewa. Ibn Hibban naye katika riwaya yake anabainisha kuwa Abu Umayr ndiye yule mtoto wa Abu Talha na Ummu Sulaym, mama yake Anas, aliyeugua akafariki angali mdogo. Tafakari: mtoto ambaye umri wake ulikuwa mfupi hivyo alipata fungu lake la kuulizwa habari za kindege chake na mbora wa viumbe.

Ama hoja kwamba mtoto hana dhambi, inageuza mambo juu chini, kwani thawabu ya kuzuru ni ya anayezuru. Katika hadithi Qudsi, yaani maneno ya Allah aliyoyasimulia Mtume, aliyoipokea Muslim, Allah atamwambia mja Siku ya Kiyama kwamba mja Wake fulani aliugua naye hakumzuru. Umri wa mgonjwa haukutajwa. Mtume alimzuru mvulana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akakaa kichwani pake. Na alipoletewa mtoto wa binti yake, pumzi zikimkwama kifuani, macho yake yalibubujika machozi. Swahaba wake Saad alipostaajabu, akamjibu kwamba hiyo ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja Wake.

Kuhusu mama, maneno hayo ni dhuluma. Allah anasema katika Surat Fatir kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine, na Nabii Ayyub aliugua naye ni Nabii. Nani alimfunulia jamaa huyo siri za ghaibu hata akamhukumu mwanamke asiyelala usiku kwa kumwuguza mwanawe? Amwendee, amtake radhi.

Nina nasaha pia. Ukimwahidi mtoto kwamba utafika Alhamisi, fika, au mpelekee salamu za udhuru kabla ya saa hiyo, kwani yeye huhesabu siku. Mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu; Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini, akasema tende, naye akamwambia kwamba lau asingempa ingeandikwa kuwa ni uongo. Ukiwa na mafua au kikohozi, usiende: dawa za saratani hudhoofisha kinga ya mwili, na Mtume amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wazima. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujamgusa. Siku akiwa amechoka, usimlazimishe kucheza. Kunja wewe, yeye atazame. Akikuuliza kama atapona, usimwahidi usichokimiliki. Mwambie kwamba sote tunamwomba Allah amponye, kisha nyamaza umsikilize, maana huenda ana lingine analotaka kulisema.

Allah amponye na amtie mama yake subira. Nawe Alhamisi ijayo, ukishatoa salamu, anza kwa kuwaulizia wale ndege mmoja mmoja, kwa majina aliyowapa.