Kabla ya kuuliza damu ililipa nini, tuulize nani alipiga misumari

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, Mungu alihitaji damu ya Yesu ndipo atusamehe?" Jibu langu la haraka ni hapana. Ila swali lenyewe limeruka jambo, na jambo hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Linapanda moja kwa moja mbinguni, kwenye mapatano ya Baba na Mwana, kana kwamba pale Golgotha hapakuwa na serikali, wala askari, wala amri ya liwali. Mahubiri yetu mengi ya Ijumaa Kuu huanzia huko huko juu. Muumini anakaa kanisani tangu saa sita mchana hadi saa tisa, anafafanuliwa maneno saba ya msalabani moja baada ya jingine, kisha anarudi nyumbani hajaambiwa kusulubiwa ilikuwa adhabu ya akina nani, kwa makosa gani, na kwa nini Warumi waliipenda.

Waliipenda kwa sababu ilionekana na kila mpita njia. Mwaka 71 KK, uasi wa watumwa wa Spartacus ulipozimwa, jemadari Crassus aliwatundika mateka 6,000 kando ya barabara kuu ya kutoka Capua hadi Roma. Mwaka 4 KK, Herode alipokufa na ghasia zikazuka, Varo, gavana wa Siria, alisulubisha watu wapatao 2,000 katika nchi ya Wayahudi. Mwaka 70 BK, Yerusalemu ilipozingirwa, mwanahistoria Yosefo anaandika kwamba askari wa jemadari Mrumi Tito walisulubisha watu 500 kwa siku, na siku nyingine zaidi, hadi mahali pa kusimika misalaba pakakosekana. Raia wa Roma kwa kawaida hakutundikwa. Adhabu hii ilikuwa ya watumwa, waasi na watu wa nchi zilizotawaliwa. Bango lililowekwa juu ya Yesu lilisema "Mfalme wa Wayahudi", na kwa dola hilo lilikuwa kosa la kisiasa. Tukilisahau hilo tunafungua mlango kwa uovu mwingine, ule wa kuwabebesha Wayahudi lawama ya kifo chake, uliowatesa kwa karne nyingi. Hukumu ilitolewa na Mrumi na ikatekelezwa na askari wa Mrumi.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Mhukumiwa alipigwa mijeledi kwanza, kisha akabebeshwa gogo la mlalo, kwa kuwa nguzo ya wima mara nyingi ilikuwa imekwisha kusimikwa mahali pa kuulia. Kikosi kilikuwa kidogo: Yohana 19:23 inasema mavazi yaligawanywa mafungu manne, kila askari fungu lake. Kwa muda mrefu mambo haya tuliyajua kwa maandishi tu. Kisha, Juni 1968, huko Giv'at ha-Mivtar, kaskazini mwa Yerusalemu, ujenzi wa nyumba ulifichua makaburi ya pangoni, na mwanaakiolojia Vassilios Tzaferis akayachimba. Humo mlikuwa na masanduku ya mawe ya kuhifadhia mifupa, na moja lilichongwa jina Yehohanan. Desturi ya Wayahudi wa Yerusalemu wakati ule ilikuwa kumlaza marehemu pangoni kwa takriban mwaka mmoja. Nyama ikishaisha, jamaa hurudi, hukusanya mifupa na kuiweka sandukuni. Katika mifupa ya Yehohanan kisigino cha kulia kilikuwa bado kimepitiwa na msumari wa chuma, kutoka upande hadi upande.

Naomba wasomaji wautazame vizuri msumari huo. Kati ya kichwa chake na mfupa kulikuwa na mabaki ya kibao cha mzeituni. Kazi ya kibao ilikuwa kupanua kichwa cha msumari, ili mtu akijinyonganyonga mguu usichomoke. Ncha yake imepinda. Inaelekea ilikutana na fundo gumu ndani ya nguzo ikakunjika, na msumari uliokunjika hivyo hauvutiki bila kuupasua mguu. Walipomshusha, basi, mguu ulitoka na msumari pamoja na kibao, na jamaa wakamzika hivyo hivyo. Kwa kawaida misumari iling'olewa, kwa kuwa chuma kilikuwa mali. Wengi waliosulubiwa hata hawakuzikwa, na wengine walifungwa kwa kamba. Ndiyo sababu, kati ya maelfu kwa maelfu waliouawa hivi, mifupa yenye ushahidi ulio wazi inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kisigino kingine chenye msumari kilipatikana mwaka 2017 huko Fenstanton, Uingereza.

Hata wataalamu waliteleza. Taarifa ya kwanza, ya Nicu Haas, ilitoka mwaka 1970 ikisema msumari ulikuwa wa sentimita 17 hadi 18, umepita visigino vyote viwili, na mikono nayo ilipigiliwa. Haas alikuwa ameshughulika na mifupa hiyo kwa haraka, kwa kuwa ilitakiwa kuzikwa upya. Mwaka 1985 Joseph Zias na Eliezer Sekeles waliipima tena. Msumari ulikuwa wa sentimita 11.5. Usingeweza kupita visigino viwili, kisha kibao, kisha ukabaki na urefu wa kushika nguzo. Kisigino kilichopitiwa kilikuwa kimoja. Kwenye mifupa ya mikono hawakuona jeraha la kuaminika. Kwa maelezo yao, miguu ilipigiliwa mmoja kila upande wa nguzo, na mikono huenda ilifungwa kwa kamba juu ya gogo. Kwa hiyo mhubiri anayesimama na kipimo cha msumari na kusimulia mshipa gani wa kiganja ulikatika anasimulia zaidi ya kinachojulikana, na zaidi ya Injili zenyewe. Marko anasema tu kwamba walimsulubisha. Katika Injili zote nne, neno misumari linatajwa kwenye habari ya Tomaso peke yake.

Nimekaa mno kwenye kisigino hiki, najua, na swali lenu lilihusu msamaha. Nimekaa kwa sababu mfupa huu unamrudisha Yesu kwenye foleni aliyokufa ndani yake. Yehohanan alikuwa kijana, miaka 24 hadi 28 kwa makadirio ya Haas. Kosa lake halikuandikwa popote. Askari mmoja alipiga nyundo siku ile, msumari ukapinda, akaendelea na kazi. Petro anapohubiri siku ya Pentekoste, katika Matendo 2, hoja yake ni fupi: mlimuua, Mungu akamfufua. Yaani hukumu ya liwali imetenguliwa na Mungu. Mtu aliyewekwa katika kundi la Yehohanan, kundi la wasio na thamani mbele ya dola, ndiye Bwana. Wasikilizaji wa kwanza walielewa uzito wa maneno hayo, maana misalaba walikuwa wanaiona. Michoro ya Yesu msalabani iliyotengenezwa na Wakristo kwa matumizi ya wazi inaanza kuonekana kama mwaka 420 au 430, mfano ule wa milango ya kanisa la Santa Sabina mjini Roma, wakati ambapo adhabu yenyewe ilikuwa imekwisha kufutwa.

Habari ya malipo ina historia yake. Ni kweli Marko 10:45 inasema Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake "iwe fidia ya wengi". Lakini kanisa la kwanza halikukubaliana fidia alilipwa nani. Askofu Gregori wa Nisa alisema Shetani ndiye aliyenaswa, kama samaki na ndoano. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo, katika karne ile ile ya 4, aliuliza swali lenu hili kabisa. Kumlipa Shetani, alisema, ni aibu. Na kama ni Baba, kwa nini damu ya Mwanawe impendeze yeye ambaye hakumpokea hata Isaka? Akajibu kwamba Baba alipokea, lakini hakuidai wala hakuihitaji. Mitaguso mikuu saba, yaani mikutano ya maaskofu wa kanisa zima, ikapita yote bila kuweka fundisho moja juu ya namna msalaba unavyookoa. Kanuni ya Imani inasema alisulubiwa kwa ajili yetu, zamani za Ponsio Pilato, na juu ya namna hiyo haisemi zaidi.

Mnamo 1098 Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, akiwa uhamishoni Italia baada ya kugombana na Mfalme William wa Pili, alimaliza kitabu chake Cur Deus Homo, yaani "Kwa nini Mungu alifanyika mtu". Alikimalizia katika kijiji cha milimani karibu na Capua, eneo lile lile ambako misalaba 6,000 ya Crassus ilianzia. Hoja yake ilikaa vizuri katika jamii ya mabwana na watwana: dhambi inamnyima Mungu heshima anayostahili, fidia lazima izidi hasara, mwanadamu anadaiwa lakini hana cha kulipa, Mungu anacho lakini hadaiwi, basi alipe aliye Mungu na mtu. Wengi humlaumu Anselm kwa jambo ambalo hakulisema. Kwake yeye ilikuwa ama fidia ama adhabu, na kwa kuwa fidia ilitolewa, adhabu haikuwa na nafasi. Ni warekebishaji wa kanisa, Waprotestanti wa karne ya 16, hasa Calvin aliyekuwa amesomea sheria, walioweka adhabu mahali pa fidia, Yesu akasimama kizimbani badala yetu. Mafundisho hayo yalikuja kwetu kwa njia ya misheni, nyimbo na mikutano ya injili, na leo wengi wanadhani ndiyo maelezo pekee yaliyowahi kuwapo.

Ubaya wake unaonekana mbali na madhabahu. Mama anapigwa na mumewe, anakwenda kwa kiongozi wa kanisa, anaambiwa avumilie, huo ndio msalaba wake. Yesu alipowaambia watu wajitwike msalaba, Marko 8:34, alikuwa anasema na watu ambao wangeweza kuuawa na dola kwa kumfuata. Ngumi ya mume haimo. Lakini ukishamfundisha mtu kwamba nyumba ya Mungu mwenyewe ilipata amani kwa kuumizwa asiye na hatia, umempa kielelezo, na atakitumia nyumbani kwake.

Hapa nilitaka kuhitimisha kwamba lugha ya malipo iachwe. Lakini kila ninapoipima hoja hiyo, Murang'a, kule Kenya, inanizuia. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, haukuimba kitu kama ulivyoiimba damu ya Yesu. Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 1952, wana uamsho wa Kikuyu walitakiwa kula kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, na viapo vingine vilikuwa na damu ya mbuzi. Walijibu kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengi wao walikataa vilevile kushika bunduki za kikosi cha walinzi wa serikali. Upande mmoja ukawaua, upande wa pili ukawashuku. Kanisa kuu la Mtakatifu James pale Murang'a lilijengwa kuwakumbuka, na ndani yake Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora ukutani picha tano za maisha ya Yesu, kusulubiwa kukiwamo, katika mandhari ya vilima vya Ukikuyu.

Watu wale waliamini malipo, tena bila kusitasita. Waliyaelewa hivi: kama damu imekwisha kumwagika ya kutosha, hakuna mtu mwenye haki ya kudai nyingine, wala msituni wala kambini. Mimi na Yehohanan wangu hatukufika huko. Fundisho ambalo limetumika kumnyamazisha mke aliyepigwa ndilo lililowapa wakulima wa Murang'a nguvu ya kukataa kuua. Lakini wasitumiwe na wao kuwafunika wengine. Waliokula kiapo walikuwa na madai ya haki juu ya ardhi yao, na serikali ya kikoloni, iliyojiita ya Kikristo, iliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 katika miaka ile. Pilato naye alikuwapo vilimani.

Kwa hiyo jibu langu limehama. Ndiyo, semeni deni lililipwa, mradi isemwe pia kwamba aliyelipa ni Mungu mwenyewe. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 5:19 kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hakukaa pembeni akihesabu. Sina hakika kwamba sharti hili linatosha kuzuia mabaya yote niliyoyataja, maana mahubiri mabovu hupenya popote. Lakini Ijumaa Kuu ijayo Marko 15 isomwe yote kwa sauti kabla ya Isaya 53, ili Pilato na askari wasikike kabla ya maelezo. Vipimo vya misumari viachwe. Na mama akija ofisini kwa mchungaji jicho limevimba, asindikizwe polisi achukue fomu ya matibabu, PF3, apelekwe hospitali, na siku hiyo hiyo mumewe aitwe.