Kwa nini uzi wa zamani hufungwa, mwingine hufutwa, na mwingine huachwa ulivyo

Mkuu mleta mada, umeuliza mawili kwa pamoja: kwa nini uzi wako (mjadala ulioanzisha) wa miaka iliyopita kuhusu kurudisha akaunti iliyopotea umefungwa, usiweze kujibiwa tena, wakati haukuvunja sheria yoyote, na kwa nini uzi mwingine uliojaa matusi uliachwa wazi kutwa nzima. Nimesimamia mijadala ya mtandaoni kwa muda mrefu, midogo na mikubwa, kwa hiyo nitakueleza kazi hii inavyoonekana kwa ndani. Jibu ni refu, nivumilie.

Uzi kuwa wa zamani si kosa. Tunachoangalia ni aina ya taarifa iliyomo. Uzi wa kukokotoa eneo la duara hauchakai. Uzi wa kipimo cha dawa, kodi, mipangilio ya simu au hatua za kurudisha akaunti unachakaa, na hauonyeshi dalili yoyote. Msomaji wa leo haingii kwa mlango wa mbele. Anatafuta kwenye Google, anaangukia katikati ya uzi, haangalii tarehe, anachukua jibu lenye kura nyingi na kwenda kulitumia. Jibu hilo lilikuwa sahihi siku lilipoandikwa, ndiyo maana lina kura nyingi, na kura hizohizo ndizo zinazompotosha leo.

Kisha kuna linki. Utafiti wa Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Linki iliyokufa inaudhi tu. Ya hatari ni ile inayofunguka lakini imebadilisha mmiliki: anwani isipolipiwa upya, yeyote anaweza kuinunua, na ukurasa uliokuwa wa mafunzo unageuka wa kamari au wa kuiba nywila. Aliyeiweka hana kosa, na huenda hata hayupo tena.

Uzi wa aina yako una shida moja zaidi, na hapa naomba usome taratibu. Watu waliopoteza akaunti wamechanganyikiwa na wana haraka. Matapeli wanalijua hilo, kwa hiyo wanazitafuta nyuzi hizi zilizolala. Akaunti iliyofunguliwa juzi inaandika: "Hata mimi niliteseka sana mpaka nilipompata jamaa mmoja, alinirudishia akaunti yangu ndani ya saa moja, mtafute kwa namba hii." Uzi unapanda juu, kila aliyekuwa akiufuatilia anapata taarifa kwenye simu, na kati yao yupo atakayepiga ile namba. Wengine wana subira zaidi. Anaandika "Asante, maelezo haya yamenisaidia sana", sentensi isiyo na tatizo lolote, anasubiri macho yatoke kwake, kisha anarudi kuhariri na kupachika linki yake. Ndiyo maana sehemu nyingi muda wa kuhariri una kikomo. Wanachama wengi hulalamika kwamba wananyimwa haki ya kurekebisha maneno yao, na ninawaelewa, lakini mlango ule ukiachwa wazi ndio wanaopitia hawa.

Je, basi tufunge kila uzi uliopita umri fulani? Mimi sikubaliani nalo. Reddit, mtandao wa mijadala, ilikuwa ikifunga kila chapisho baada ya miezi sita, na mwaka 2021 ikaziachia jumuiya zenyewe ziamue. Discourse, programu ya kuendeshea mijadala, hufanya kitu ninachokipenda zaidi: ukitaka kujibu mjadala uliolala muda mrefu, inakukumbusha kwanza umri wake na kukuuliza kama bado unataka kuendelea. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu za kompyuta, wanatoa hata nishani kwa anayejibu swali lililopita siku 60 na jibu lake likapata alama tano au zaidi. Wana sababu nzuri. Kwenye mambo ya kiufundi suluhisho mara nyingi huja baada ya muuliza swali kuondoka zamani, na atakayelihitaji ni mtu wa tatu ambaye hajulikani. Kwa hiyo uzi wa zamani wenye faida ninauacha wazi. Ulio na taarifa iliyopitwa na wakati ninauwekea ilani juu kabisa, pamoja na linki ya uzi mpya. Kufunga ninakubakiza kwa nyuzi zinazovutia matapeli, au ambazo kila anayezifufua anafufua ugomvi.

Sasa yasiyofaa. Watu huyaweka yote kapu moja, lakini hayalingani. Namba ya simu au anwani ya mtu iliyowekwa bila ridhaa, picha za faragha, vitisho vya kumdhuru mtu: hayo huondolewa kwanza, maswali baadaye. Picha za kunyanyasa watoto hazifutwi tu mambo yakaisha. Huripotiwa kwa mamlaka (kwa kampuni za Marekani kuripoti kwa NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ni wajibu wa kisheria), na msimamizi hatakiwi kumtumia mwenzake "aone". Matusi ya kawaida kati ya watu wawili waliopandishana hasira ni jambo jingine. Hapo unakata majibu yale, unaacha mada iendelee.

Kuondoa chenyewe si kubonyeza mara moja. Ukifuta komenti yenye namba ya mtu, namba inabaki ndani ya nukuu za wote waliomjibu, hata wale waliomnukuu ili wamkemee. Inabidi uzifuate moja moja. Ukibadilisha kichwa cha uzi kilichotaja jina la mtu, jina linaweza kubaki kwenye anwani ya ukurasa, kwa sababu programu nyingi huitengeneza anwani kutokana na kichwa cha mwanzo. Na hata ukimaliza yote hayo, mtambo wa kutafutia unaweza kuendelea kuonyesha kipande cha maneno ya zamani mpaka uupitie tena au uombwe kukiondoa. Nimewahi kuzungumza na mtu ambaye namba yake iliwekwa kwenye ugomvi usiomhusu kabisa. Komenti ilikuwa imefutwa zamani, na simu za wasiomjua zilikuwa bado zinaingia. Zilitoka kwenye nukuu mbili zilizosahauliwa.

Kuhusu ule uzi wa matusi kukaa kutwa nzima: wasimamizi wengi ni watu wa kujitolea, na wanategemea ripoti. Ripoti inayosema "hii mbaya" hukaa kwenye foleni. Inayosema "jibu la tatu, aya ya mwisho, ametaja mahali mtu anapoishi" hushughulikiwa mara moja. Na kila anayejibu tusi kwa tusi anaupandisha uzi juu tena.

Ombi gumu kuliko yote ni la mtu anayetaka uzi wake mwenyewe wa zamani ufutwe. Ulaya sheria ya kulinda data binafsi, GDPR, kwenye kifungu cha 17, inampa mtu haki ya kuomba data zake zifutwe, ingawa haki hiyo ina mipaka, uhuru wa kujieleza ukiwa mmojawapo. Mimi kwa kawaida ninatoa jina lake na kuutenganisha uzi na akaunti yake, majibu yanabaki, maana ni jasho la watu wengine. Lakini kama aliandika kuhusu ugonjwa wake, ndoa yake, au aliandika akiwa bado mtoto, ninafuta wote bila kubishana naye. Hakuna jibu la mtu lenye thamani ya kumfanya mwingine aishi na hofu ya kutambuliwa.

Ulichonyimwa wewe ni sababu, na hapo malalamiko yako ni ya haki. Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inataka mtumiaji aelezwe kwa nini maudhui yake yameondolewa au kuwekewa vizuizi. Hata pasipo sheria, mstari mmoja chini ya uzi uliofungwa unatosha. Waandikie wasimamizi uulize, na uombe atakayelipitia suala lako safari hii asiwe yule aliyefunga. Wakati unasubiri, fungua uzi mpya, weka linki ya ule wa zamani, andika hatua zinazofanya kazi leo na mwezi ulizozijaribu, kisha omba linki ya huo mpya iwekwe juu ya ule wa zamani. Hilo msimamizi atalifanya kwa dakika moja.